Ujira wa Rubani na Dhima ya Mwenye Jina

Mtu akikabidhiwa roho za watu kwa malipo, kisha naye akamkabidhi mwingine kazi ile ile kwa malipo yaliyo haba, je, dhima humtoka pamoja na kazi, au humbakia shingoni hata baada ya mikono yake kuwa mitupu? Wanazuoni wa fikihi walilichungua suala hili tangu karne za mwanzo katika milango ya uwakala na ijara. Lakini katika zama zetu sijaona mahali linapojitokeza kwa ukali zaidi kuliko katika biashara ya ndege ndogo za mikoani huko Marekani.

Huko abiria hukata tiketi kwa kampuni kubwa aliyoizoea jina, akaiona nembo yake ubavuni mwa ndege, akaketi kwa utulivu wa moyo, ilhali ndege inaendeshwa na kampuni nyingine kabisa, ambayo hulipwa kiasi maalumu kwa kila safari, na ambayo haipangi ratiba wala nauli, na aghalabu hata mafuta hainunui. Gharama kubwa iliyosalia mkononi mwake, ambayo yaweza kuipunguza ili ishinde zabuni, ni ujira wa watu wake. Hapo ndipo panapozaliwa jambo la ajabu: rubani aliyekaa miaka mingi kazini, ambaye malipo yake yamepanda pamoja na uzoefu wake, hugeuka kuwa mzigo unaoifanya kampuni yake ionekane ghali mbele ya kampuni changa yenye marubani wageni. Marubani wa Comair, mojawapo ya kampuni hizo za mikoani, waligoma siku 89 mwaka 2001 wakidai masharti bora. Mwaka 2012 kampuni hiyo, iliyokuwa mali ya kampuni kubwa ya Delta, ilifungwa kwa hoja kwamba gharama zake zimezidi za wenzake. Na rubani anayehamia kampuni nyingine huanza upya mwishoni mwa orodha ya ukongwe kazini, hata awe na mvi.

Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air iliyokuwa ikiruka kwa jina la kampuni kubwa ya Continental kutoka Newark kwenda Buffalo iliiangukia nyumba moja huko Clarence Center, wakafa wote 49 waliokuwamo, na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Uchunguzi ulibainisha kwamba mwendo wa ndege ulipungua kupita kiasi, usukani ukatetemeka kuonya, na rubani mkuu akauvuta pale alipopaswa kuusukuma. Hukumu hiyo ni ya kweli, wala siipingi. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba rubani msaidizi, mwanamke wa miaka 24 ambaye mshahara wake haukufika dola 24,000 kwa mwaka, alikuwa akikaa nyumbani kwa wazazi wake karibu na Seattle, upande wa pili wa bara, na kwamba usiku wa kuamkia safari ile aliivuka nchi nzima kwa ndege za mizigo ili awahi kazini. Na mwenzake alikuwa amelala katika chumba cha marubani pale uwanjani Newark. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ilisema kwamba huenda uchovu uliwapunguzia uwezo, ila haikuweza kupima ni kwa kadiri gani. Sayansi ina haki ya kukomea hapo. Dhamiri haina ruhusa hiyo, kwa sababu maiti wawili walitwikwa kosa lote la mikono yao, na hao walioweka bei ya usingizi wao walikuwa hai na wangeweza kuulizwa.

Tukirudi kwenye fikihi, wanazuoni wa Kihanafi waliwagawa waajiriwa mafungu mawili. Wa kwanza ni kama mshoni anayeshonea watu wengi, ambaye hulipwa kazi ikikamilika. Wa pili ni yule aliyejitoa kwa bwana mmoja kwa muda maalumu, naye hustahiki ujira kwa kule kujihudhurisha tu, hata asipopewa kazi siku hiyo. Rubani hana uhuru wa mshoni, kwani hachagui safari wala saa. Na juu ya hayo, ijapokuwa huwekewa kiwango cha chini cha mwezi, kwa desturi saa zake huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kituoni hadi inapofika, hivyo kuikagua ndege na kungoja hali ya hewa itulie ni muda wa umri wake usiokuwa na thamani katika daftari. Kadhalika inapokewa kwamba Khalifa Ali aliwatwika mafundi dhamana ya mali waliyokabidhiwa, kwa hoja kwamba maslahi ya watu hayasimami bila ya hivyo. Ikiwa nguo ya mtu ina mdhamini, sembuse roho yake!

Sheria ya Marekani ya mwaka 2010, iliyopatikana kwa jitihada za jamaa za marehemu wa ajali ile, ililazimisha anayeuza tiketi ataje kampuni itakayoendesha ndege, ikaleta kanuni mpya za mapumziko, na ikadai saa 1,500 za urukaji kwa rubani msaidizi, ilhali marubani wale wote wawili walikuwa wamekipita kiasi hicho. Juu ya ujira ilinyamaza. Ujira ulipanda mwaka 2022, marubani walipoadimika baada ya janga la korona, hata kampuni za mikoani zilizo mali ya kampuni kubwa ya American zikatangaza dola 90 kwa saa kwa rubani msaidizi mpya. Fedha ilipatikana ilipotakiwa. Nami nafurahi kwa ajili ya vijana hao, ila siwezi kuuita uadilifu, kwa maana haki inayotolewa kwa hofu ya uhaba huweza kurudishwa ghalani uhaba ukiisha.

Kwa hiyo nasema: kazi yaweza kukodishwa, dhima haikodishwi. Kampuni inayouza jina lake kwa abiria ina wajibu wa kudhamini mshahara, mafunzo na usingizi wa kila rubani anayeruka chini ya jina hilo, na wajibu huo uandikwe katika mkataba wenyewe kabla zabuni haijafunguliwa.