Mpiga Picha ni "Mtoto wa Kwetu": Je, Alipwe Kidogo?



Kwaresima ikiisha, harusi zinafuatana. Kamati inakaa, bajeti inasomwa: ukumbi, chakula, mapambo, MC, gari la maharusi. Ikifika kwenye picha, hakosekani wa kusema, "Hapo tusihangaike. Yupo yule kijana wa kwaya, mtoto wa kwetu, tutaongea naye." Na sote tunajua "tutaongea naye" maana yake nini: atalipwa nusu.

Sasa mimi nauliza: kijana akiikubali hiyo nusu, tumemtendea haki?

Wengi watajibu ndiyo. Hajalazimishwa na mtu, ni makubaliano. Hoja hii siyo ya kupuuza, maana bila hiari hakuna mkataba wa haki. Lakini je, hiari peke yake inatosha?

Papa Leo XIII alilijibu swali hili mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum. Alifundisha kwamba juu ya makubaliano kuna haki ya asili, na kwamba mtu anayekubali malipo duni kwa sababu ya shida au hofu anaonewa, hata kama amesema "sawa". Karne nyingi kabla yake, Mtakatifu Thoma wa Akwino alieleza kuwa muuzaji hana haki ya kupandisha bei kwa sababu tu mnunuzi ana shida sana na kitu kile. Mimi naona kinyume chake ni kweli pia: shida ya mpiga picha siyo punguzo langu.

Tuiangalie kazi yenyewe. Anaanza saluni asubuhi, anakwenda kanisani, anamalizia ukumbini usiku wa manane. Baada ya hapo kuna siku kadhaa za kuchambua na kuhariri picha. Pengine kamera yenyewe kakodi. Sisi tunaona siku moja tu, yeye anabeba wiki nzima.

"Lakini na sisi hatuna hela!" Sawa, siyo dhambi. Basi punguza kazi, usipunguze haki. Mwambie apige ya kanisani tu, saa mbili, umlipe saa mbili zake. Akitaka mwenyewe kuwazawadia, mpokee kwa shukrani. Ila zawadi huanzia kwa mtoaji. Ile inayoombwa na kamati nzima, mwenyekiti wa jumuiya akiwemo, kijana ataikataaje?

Haki inamdai na yeye pia. Undugu siyo sababu ya kumpa kazi asiyoiweza. Kabla ya kumchagua, omba kuona picha za harusi moja nzima, siyo zile kumi kali alizoweka Instagram. Andikianeni: saa ngapi za kazi, picha ngapi, lini atakabidhi, kianzio kiasi gani, na iliyobaki italipwa siku gani. Mpeleke mapema kwa Paroko aelekezwe pa kusimama, maana Misa siyo studio.

Na hiyo "iliyobaki" ndiyo kipimo chetu. Harusi ikiisha, simu hazipokelewi. Kijana anazungushwa kati ya bwana harusi na mweka hazina. Tusome Kumbukumbu la Torati 24:14-15. Maskini aliyeajiriwa apewe ujira wake kabla jua halijatua, awe ndugu au mgeni. Yaani kuwa "wa kwetu" hakupunguzi deni hata senti moja. Yakobo 5:4 anaongeza kuwa ujira uliozuiliwa unalia, na kilio kinamfikia Mungu. Fikiria albamu nzuri mezani, kila ukurasa unalia!

Vijana wenzangu mnaojiandaa kwa ndoa, wiki hii kabla ya kikao cha kamati, ulizeni jambo moja: nani ataingia kwenye furaha yetu akiwa na kinyongo? Muanze naye.

Ee Yesu, uliyehudhuria harusi ya Kana, utufundishe kufurahi bila kumdhulumu mtu. Amina.