Nyumba ya Marehemu Yauzwa na Nani?

 

Enyi ndugu Waislamu wa Mombasa, Malindi, Lamu na vitongoji vyake, leo twataka kuwazungumzia jambo ambalo sote twaliona na wachache mno hulitaja, nalo ni namna nyumba za wazee wetu zinavyouzwa. Hatukusudii kuiharimisha biashara ya majumba, kwani kuuza na kununua ni halali, na haja ya fedha haimkosi mtu. Tusemalo ni kuwa baadhi ya mauzo yapitayo mikononi mwa madalali si mauzo kamwe mbele ya sheria. Ni mali ya watu imechukuliwa, ikatiwa jina la mauzo.

Jambo lenyewe huwa hivi. Mzee hufa akaacha nyumba, na mirathi haigawanywi. Husemwa ngojeni arubaini ipite, kisha ngojeni mwaka, kisha hapana asemaye tena. Mtoto mwanamume mkubwa hukaa chini, akapangisha juu, na kodi akaila. Siku moja huja mnunuzi na fedha nyingi, bei ikakatwa barazani. Ndugu wa kike, ambaye ameolewa mtaa wa pili, hupata habari kwa majirani. Akiuliza, hupewa bahasha akaambiwa, "Na wewe chukua kitu kidogo." Kitu kidogo! Nani aliyeipima haki ya Mwenyezi Mungu kwa kipimo hicho?

Tuchukue mfano. Mtu amekufa, na wazazi wake wamemtangulia. Ameacha mke mmoja, watoto wawili wanaume na mmoja mwanamke. Baada ya kulipwa mazishi na madeni, na kutolewa wasia ikiwa aliusia usiopita thuluthi, nyumba ikauzwa kwa shilingi 8,000,000. Mke hupata thumni, yaani shilingi 1,000,000. Zilizobaki ni 7,000,000. Kila mtoto mwanamume hupata 2,800,000, na mwanamke 1,400,000. Hii ndiyo hesabu, wala si ya Kadhi wala ya mwandishi. Imewekwa na Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa, na humo humo ametaja kuwa wanawake wana fungu katika kilichoachwa na wazazi wao, kiwe kichache au kiwe kingi. Basi huyo aliyepewa shilingi elfu hamsini katika bahasha amedhulumiwa 1,350,000, na aliyemdhulumu ni nduye wa tumbo moja.

Tena tukumbuke mjane wa Saad bin Rabii. Mumewe aliuawa katika vita vya Uhud, na ami wa watoto akaishika mali yote, asiwaachie mabinti wawili wa marehemu kitu. Mama yao hakunyamaza. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akamweleza, na aya ya mirathi ikateremka, Mtume akampelekea ami yule habari kwamba mabinti wapewe thuluthi mbili, mama yao thumni, na kitakachobaki ndicho chake. Mwanamke yule hakuambiwa kuwa ana tamaa, wala kuwa anavunja udugu. Lakini sisi hapa kwetu, mwanamke akidai fungu lake huambiwa kuwa apenda mali kuliko ndugu zake, na kwa haya yake hunyamaza. Kisha kimya chake kikafanywa ni radhi. Kimya cha mtu aliyeogopeshwa si radhi. Atakaye kumsamehe nduye haki yake, kwanza na aijue ni kiasi gani, na awe na uwezo wa kuikataa.

Wengine hujitetea kuwa wao ndio walioezeka mabati mapya na kulipa maji. Ikiwa ni kweli, na waipeleke hesabu yao kwa Kadhi, waulizwe na ile kodi ya juu waliyoila. Gharama hazimfanyi mtu kuwa mwenye nyumba.

Sasa tumtazame mnunuzi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, kuuza mali ya mwengine pasipo idhini yake ni batili. Mrithi mmoja aweza kuuza fungu lake tu, na washirika wenziwe wana haki ya shufaa, yaani kulichukua fungu hilo kwa bei ile ile aliyotoa mgeni, wakidai bila ya kukawia. (Nyumba ndogo isiyogawanyika, wanavyuoni wamekhitilafiana juu yake, mwenye jambo kama hilo na aulize.) Basi mnunuzi aliyelipa 8,000,000 kwa mkono wa ndugu mmoja, lile fungu la mjane na la binti halikupata kuwa lake hata akiandikiwa karatasi kumi.

Na karatasi tusizidharau. Sheria ya ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa Pwani wadai ardhi zao kwa maandishi, na zisizodaiwa zikahesabiwa kuwa ni za Serikali. Hasara ile yaendelea mpaka leo. Qurani nayo imeamrisha kuandika deni na kushuhudisha mauzo. Kwa hivyo anunuaye, kwanza na alipekue daftari katika afisi ya ardhi alione jina lililoandikwa. Akikuta jina la marehemu, na atake hukumu ya mirathi. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imeipa Mahakama ya Kadhi uwezo wa kuamua mirathi ya Waislamu walioridhia kwenda kwake. Akiambiwa kuwa nyumba ni wakfu, na aondoke, kwani Umar alipoiweka wakfu ardhi yake ya Khaibar ilikuwa kwa sharti kuwa haiuzwi, haipewi mtu wala hairithiwi.

Liko na jambo la nyumba bila ardhi, ambalo Mombasa twalijua sana. Muuzaji amiliki kuta na paa tu. Kiwanja ni cha mwengine, naye hulipwa ijara. Kuuza kuta hizo si haramu. Haramu ni kumwachia mnunuzi, khasa mgeni, adhani kuwa amenunua na kilicho chini yake. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta umaji chini, akamkemea mwenye kuuza kwa kuuficha. Dalali ajuaye na akanyamaza ili asipoteze ujira wake, ameshiriki katika udanganyifu huo.

Tumeulizwa: aliyekwisha kuuza zamani, na fedha zimekwisha, afanyeje? Toba peke yake haimtoshi, kwani haki hii ni ya binadamu. Na awatafute warithi wenziwe, awaambie ukweli wa bei, na awalipe mafungu yao hata kwa kidogo kidogo. Akiwa hana, ni deni juu yake, na aliandike mbele ya mashahidi. Mrithi aliyekufa hulipwa warithi wake. Ama mnunuzi aliyemo ndani ya nyumba, na awaendee warithi hao hao kabla hajajenga ghorofa nyengine juu yake.