Je, ni Huruma Kumwachilia Samaki?

Mvuvi wa Ziwa Viktoria akirejea nyumbani alfajiri na kumwambia mkewe kwamba amevua samaki wanane, wote wazima, na wote amewarudisha majini, bila shaka mkewe atamshika kipaji cha uso aone kama ana homa. Kwetu samaki ni kitoweo, au ni fedha ya kununulia kitoweo kingine. Walakini wako watu wengi ulimwenguni, wenye akili timamu na mwenendo mwema, wafanyao hivyo hasa, tena hulipa fedha nyingi ili wapewe ruhusa ya kufanya hivyo. Twaona yafaa kulitazama jambo hili, maana ndani yake limo swali lisilowahusu wavuvi peke yao.

Twende basi kusini mwa Uingereza, mkoa wa Hampshire, kwenye mto Test, siku za mwisho wa Mei, majira ya kuchipua yakaribiapo kwisha. Mvua inyeshayo juu ya vilima vya huko hunywewa na mawe laini ya chokaa, huchujwa chini kwa chini, kisha hutoka katika chemchemi ikiwa safi kama kioo, na baridi yake haibadiliki sana, iwe kiangazi au kipupwe. Mito ya namna hii si mingi duniani, na iliyo mingi imo Uingereza. Humo huishi trauti, samaki mwenye madoadoa, mwerevu, mwenye macho makali, aogopaye hata kivuli cha mtu ukingoni. Wasomaji wetu wa Nyeri watakuwa wanamjua, kwa kuwa mwaka 1905 trauti waliletwa kutoka Uskoti wakatiwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua, na uzao wao ungaliko katika mito ya baridi ya huko.

Mwishoni mwa Mei katika mto Test hutokea ajabu. Mdudu aliyekaa topeni chini ya maji yapata miaka miwili hupanda juu, hujivua gamba, huota mabawa na kuruka. Kinywa chake hakiwezi tena kula. Amebakiwa na siku moja au chache tu, azae afe. Nao hutoka kwa maelfu kwa pamoja, hata trauti husahau werevu wake wote, akala pasipo kuangalia. Kwa mzaha Waingereza huziita siku hizo majuma mawili ya wavuvi wasiojua kazi. Mvuvi hatii chambo cha nyama. Hufunga juu ya ndoana manyoya ya ndege na nyuzi mpaka ifanane na mdudu yule, kisha kwa ufito mrefu mwembamba huurusha mshipi, na mdudu wa bandia hutua juu ya maji kana kwamba hana uzito. Samaki huinuka, hufumbua kinywa, na vita huanza. Ni kazi ya ustadi mkubwa, wala hatuidharau. Yuko mtu anayejifunza maisha yake yote asiimalize.

Dakika chache baadaye samaki amelala ubavu katika wavu wa mkono, naye mvuvi ameinama juu yake. Hapo ndipo penye swali letu.

Zamani jibu lilikuwa jepesi: aligongwa kichwani akapelekwa jikoni. Kitabu cha Kiingereza juu ya uvuvi wa mshipi kilichopigwa chapa mwaka 1496, ambacho kwa mapokeo husemwa kuwa ni kazi ya mtawa Juliana Berners, kiliwaonya wavuvi wasiwe na choyo ya kuchukua samaki wengi mno kwa mara moja. Lakini kuchukua hakikukataza. Katika karne ya ishirini mambo yaligeuka. Mwamerika Lee Wulff alifundisha kwamba samaki mwema wa mtoni ana thamani kubwa mno, haifai avuliwe mara moja tu. Hoja yake ina nguvu. Wavuvi ni wengi, mito ni michache, na kila mmoja akichukua kitoweo chake, hautakuwapo mto. Leo kando ya mito mingi amwuaye trauti hutazamwa kama mtu asiyelelewa vema.

Lakini je, samaki yule asikia nini? Mwaka 2003 Lynn Sneddon na wenzake, huko Uskoti, walitangaza kwamba usoni mwa trauti mna mishipa ya fahamu iwezayo kutambua madhara. Trauti waliotiwa siki kali mdomoni walijisugua midomo juu ya changarawe, nao walikaa karibu saa tatu pasipo kurudia chakula. Wako wataalamu wengine washikao kwamba ubongo wa samaki hauna sehemu iletayo maumivu kama tuyajuayo sisi. Ubishi haujakwisha. Sisi si wataalamu. Ila mwindaji asiyejua kama kinachotikisa kichaka ni paa au ni mtu hapigi bunduki kwanza ndipo achunguze.

Serikali nazo hazipatani. Uswisi, tangu mwaka 2008, sheria yakataza mtu kwenda kuvua akiwa na nia ya kuwarudisha samaki. Ujerumani, sheria ya mwaka 1972 yakataza kumtia mnyama maumivu pasipo sababu ya haki, na kwa uvuvi sababu ikubaliwayo hasa ni chakula. Kwa hiyo ng'ambo moja amwuaye samaki ndiye mkorofi, na ng'ambo ya pili amwachiliaye ndiye aulizwaye na askari.

Sisi twaegemea upande wa hao wa pili. Huruma humkuta mtu njiani bila kutazamia. Lakini hii imepangwa nyumbani, ikafungwa pamoja na mkate wa safari. Mtu amwumizaye kiumbe ili apate furaha ya kumponya, amemtumia mara mbili. Amwuaye upesi akamla amechukua uhai, naam, lakini ajua amechukua nini na kwa ajili gani. Wala tusijione wema kupita Waingereza, sisi tulao dagaa waliokufa kwa kukosa pumzi chomboni, tusiulize neno.

Tena liko jambo lituziualo tusihukumu upesi. Mwaka 1948 mwanasheria John Eastwood aliunda chama cha wavuvi wa mshipi ili kuwashtaki wachafuao mito. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wavuvi wa Derby, kwa msaada wa chama hicho, walikishtaki kiwanda, pamoja na baraza la mji wenyewe na shirika la umeme, kwa kuutia mto Derwent uchafu na maji ya moto mpaka samaki wakafa. Wakashinda, na katika rufani wakashinda tena. Maelfu waliopita juu ya madaraja ya mto ule kila siku, wasiowahi kumtoboa samaki mdomo, hawakwenda mahakamani.

Kama tungekuwa kando ya mto Test jioni ile, tungemsihi mvuvi achukue mmoja, amwue mara, akamle na wanawe, kisha aukunje mshipi, hata kama wadudu wangali wakiruka na samaki wakiinuka. Atatuuliza: na ikiwa samaki wa mto wamebaki wachache, asiweze kuchukua hata huyo mmoja? Wako wavuvi waikatao ncha ya ndoana kabla ya kurusha. Trauti huinuka, huyashika manyoya, huyatema, akaenda zake.