Msalaba Uliopasuka

Jumamosi jioni, barazani kwangu hapa Ngara, huwa nachonga misalaba ya mninga. Siiuzi, najiliwaza tu baada ya shamba. Mninga mbichi ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Sisemi mti huo uliumbwa kwa kazi hii, lakini nimewahi kuwaza.

Wiki jana patasi iliteleza, msalaba mmoja ukapasuka mkono. Mke wangu alikuwa anachochea maharage. "Lete basi, moto unafifia." Nikasita. Maranda ya ubao uleule yalikuwa yakiwaka jikoni, wala sikuyaonea huruma.

Mpwa wangu, mlokole, akacheka: "Mjomba, soma Isaya 44." Naijua: fundi anapikia nusu ya gogo, nusu nyingine anaisujudia. Nikamjibu kwa Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, uliotenga heshima ya sanamu na ibada anayostahili Mungu peke yake. Jibu zuri, ila halikunifaa. Msalaba wangu padri hakuwa ameubariki, hata msasa haukuwa umeugusa. Basi ulikuwa kuni? Ulianza lini kuwa msalaba: nilipokata, au nilipokusudia?

Maharage yaliiva kwa magunzi. Ule uliopasuka bado uko dirishani.