Naweza

Mteja aliniuliza kwenye WhatsApp: "Utaweza keki ya harusi ya ghorofa tatu?" Nikajibu haraka, "Naweza." Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kuoka hata ya ghorofa mbili.

Tunaambiwa tukubali kazi kwanza, tutajifunza baadaye. Tunaita hiyo kujituma. Lakini saa sita usiku, nikitazama video ya jinsi vijiti huzuia keki ya juu isizame kwenye ya chini, swali lilinikaba: nani analipia masomo yangu? Mandazi yakiharibika nayala mwenyewe. Keki ya harusi ikiporomoka, bibi harusi hana Jumamosi nyingine.

Sisemi tusithubutu. Kila mwokaji alikuwa na keki yake ya kwanza. Nasema tu, hatari ikiwa ya watu wawili, wote wawili waijue.

Asubuhi nikamwandikia: "Dada, hii itakuwa yangu ya kwanza. Ukitaka pesa zako, narudisha leo."

Kimya cha dakika 40. Kisha: "Nionyeshe ya mazoezi kwanza."

Ya mazoezi iliinama upande, tukaila na majirani. Tukakubaliana ghorofa mbili. Bei ilishuka, usingizi ukarudi.