Usingizi ni Haki ya Nani?



Ndugu zangu katika imani, kuna sifa moja tunayopeana bila kufikiri, hasa wiki za mitihani zinapokaribia. Fulani hajalala siku tatu, mashallah, huyo ndiye mwanafunzi. Fulani mwingine amesimama kisimamo cha usiku tangu saa sita mpaka alfajiri, na saa mbili asubuhi yuko darasani. Wote wawili tunawasifu, na aliyelala saa zake saba tunamwona mvivu. Swali ninalotaka tulitazame ni hili: mtu akiuharibu mwili wake katika jambo jema, je, ana lawama mbele ya Mwenyezi Mungu (S.W.), au wema wa lile jambo unaifuta?

Jibu la haraka tunalijua sote, kwamba mwili ni amana. Tumelisikia kwenye hotuba za Ijumaa mpaka limepoteza makali. Lakini wanafiqhi hawakuliacha neno hilo likielea. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo wengi wetu hapa Uganda tuliyosomeshwa madrasa, mali ya mtu inaweza kuwa mkononi mwako kwa njia mbalimbali, na hukumu zake si moja. Ukiwekeshwa kitu kwa wadia, huna ruhusa ya kukitumia, na kikiharibika hulipi isipokuwa umezembea au umevuka mpaka. Ukiazimwa kwa ariya, unaruhusiwa kukitumia, ila kikiharibika kwa namna isiyokuwa ya matumizi uliyoruhusiwa unalipa, hata kama hukuzembea. Na kikichakaa kwa matumizi yale yale uliyoruhusiwa, hudaiwi.

Mwili naona unafanana zaidi na ariya, kwa sababu tumepewa ili tuutumie. Aliyeazimwa kanzu ya kuvaa, ikafifia kwa kuvaliwa, hana deni. Aliyeigeuza kanzu hiyo tambara la kufutia mnyororo wa bodaboda, analo. Basi magoti yaliyochoka kwa kusujudu na macho yaliyofifia kwa kusoma hayana wa kuyadai. Mzozo wote uko kwenye kujua matumizi yaliyoruhusiwa yanaishia wapi, na hapo mwanafiqhi peke yake hatoshi. Inabidi tumuulize daktari kitambaa hiki kimefumwaje.

Mtu anapolala vizuri usiku, shinikizo la damu hushuka, kwa kawaida asilimia 10 hadi 20 chini ya lile la mchana. Hapo ndipo mishipa inapopumzika. Asiyelala, au anayelala kwa kukatizwa kila mara, huukosa mshuko huo. Mwili wake unaendelea kumwaga homoni za tahadhari, adrenalini na kotisoli, zile zile zinazomwagwa mtu anapokuwa na msongo wa mawazo: ada haijalipwa, matokeo hayajatoka, nyumbani kuna mgonjwa. Moyo unapiga haraka, mishipa inakaza, sukari inapanda. Kwa kijana mzima usiku mmoja wa namna hiyo hupita. Ukiwa mwendo wa miaka, presha inayokataa kushuka huchosha kuta za mishipa, na presha ndiyo sababu kubwa kuliko zote zinazoweza kuzuilika za kiharusi. Ama mshipa wa ubongo unaziba, ama unapasuka.

Utafiti mkubwa uitwao INTERSTROKE, uliochapishwa mwaka 2010 kutoka nchi 22, Uganda ikiwa mojawapo, ulikuta kwamba mambo 10 tu yanahusika na takriban asilimia 90 ya hatari ya kiharusi. Presha iliongoza. Msongo wa mawazo ulikuwa ndani ya orodha, usingizi haukuwemo. Uchambuzi wa utafiti huo huo uliotoka mwaka 2023 ndio ulioonyesha kwamba wanaolala chini ya saa 5, wanaolala zaidi ya saa 9, na wanaokatika pumzi usingizini huonekana zaidi miongoni mwa waliopata kiharusi. Mambo mawili kuonekana pamoja si lazima moja liwe limelisababisha jingine. Huenda mtu analala mno kwa kuwa tayari ni mgonjwa. Lakini Chama cha Moyo cha Marekani kiliona mwaka 2022 kwamba ushahidi unatosha kuuingiza usingizi katika orodha yake ya mambo manane ya afya ya moyo, na kiwango walichoweka kwa mtu mzima ni saa 7 hadi 9.

Kifafa kina hesabu yake. Kwa mwenye maradhi haya, usiku mmoja wa kukesha unaweza kutosha kumwangusha. Madaktari wanalijua hilo kiasi kwamba wakitaka kasoro ijitokeze kwenye kipimo cha umeme wa ubongo, wakati mwingine humwagiza mgonjwa aje akiwa hajalala. Ukubwani kifafa na kiharusi hukutana. Kiharusi huacha kovu kwenye ubongo, na kovu hilo linaweza kuanza kurusha umeme ovyo, ndiyo maana kwa wazee ni miongoni mwa sababu kuu za kifafa kipya. Njia inakwenda upande wa pili pia: utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2004 ulionyesha kwamba mtu anayeanza kuanguka baada ya umri wa miaka 60 yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi baadaye. Babu akianza kuanguka ghafla kule kijijini, kabla hamjaulizana nani kamroga, mpimeni presha.

Sasa pingamizi, nalo ni zito. Je, Mtume (S.A.W.) mwenyewe hakusimama usiku mpaka miguu yake ikavimba? Alisimama. Lakini Bibi Aisha (R.A.) alisimulia pia kwamba hakumjua kuswali usiku mzima mpaka asubuhi. Alipoona kamba imefungwa msikitini kati ya nguzo mbili, ya kujishikiza anapochoka mmoja wa wakeze, aliamuru ifunguliwe. Na kuna kisa cha Abdullah bin Amr bin Al-As (R.A.), kijana aliyefunga kila siku na kuswali kila usiku. Mtume alimpunguzia, yeye akaomba aongezewe, akapunguziwa tena, akaomba tena. Alipozeeka na nguvu zikamwishia, alisema anatamani laiti angelikubali ile rukhsa. Hadithi hii iko katika Bukhari, na sijui mahali pengine afya ya uzeeni ilipozungumzwa na kijana wa zamani kwa uchungu namna ile. Tukumbuke kwamba Abdullah hakuwa akicheza. Alikuwa kwenye ibada, na bado Mwenye mali alikuwa amemwekea mpaka.

Hapo ndipo naona jibu la swali letu. Ikiwa wema wa ibada haukupanua ruhusa ya kuutumia mwili, basi wema wa shahada hauwezi kuipanua, na kazi ya darasani iliyoachwa wiki tatu mpaka usiku wa mwisho haina hata pa kusimamia. Tuseme kweli pia kwamba usiku mwingi tunaoupoteza si wa Kurani wala wa kitabu. Ni wa mpira wa Ulaya, simu, na kwa baadhi yetu mairungi, ambayo huondoa usingizi na kupandisha presha kwa pamoja.

Yuko mwanafunzi mwingine ambaye simtii kwenye fungu hili: yule anayelinda ghala usiku ili alipe karo. Huyo hakuchagua. Anayebeba kwa dharura hahukumiwi kama anayebeba kwa kujionyesha, na kama kuna wa kuulizwa juu ya usingizi wake, wako wengi kabla yake, wakiwemo matajiri wa Kiislamu ambao zaka zao hazijafika kwenye karo ya mtu.

Turudi kwa mwenye kifafa, kwa sababu tunaye kati yetu, na huenda wako zaidi ya tunaowajua. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi. Hata hivyo wapo wanaoacha dawa kwa kuambiwa subira ni bora, na dalili inayotolewa ni yule mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akilalamika kwamba huanguka na kufunuka. Akapewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira.

Dalili ni sahihi, iko katika Bukhari na Muslim, lakini haibebi mzigo wanaoutwisha. Yeye aliahidiwa Pepo na Mtume, mdomo kwa mdomo. Nani kakuahidi wewe? Tena Mtume huyo huyo aliamuru watu watafute tiba. Hata Ibn Qayyim, aliyekubali kwamba upo mwanguko utokao kwa majini, aliandika wazi kwamba upo mwingine utokao mwilini, ambao ni wa matabibu. Asiyekubali hata mgawanyo huo hana wa kumtegemea miongoni mwa wanaotajwa kila siku.

Kinachonishika zaidi katika kisa hiki ni alichoomba baada ya kuchagua. Aliomba asifunuke. Maradhi aliyakubali, ila kudhalilika mbele za watu hakukukubali, na Mtume akamwombea. Dada akianguka leo kwenye korido ya hosteli, nusu yetu hukimbia kwa kuogopa povu, na nusu hutoa simu kurekodi. Povu haliambukizi. Mfunike, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa. Ikipita dakika tano bado anatukutika, au akianguka tena kabla hajazinduka, mpelekeni hospitali. Na anayemeza vidonge asubuhi na jioni amwone daktari kabla ya Ramadhani, asijikatie dozi mwenyewe, kwani kuacha dawa ghafla kunaweza kumwangusha vibaya. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo ndani ya Kurani, hakuipata kwa kamati.

Je, analazimika kumwambia anayelala naye chumba kimoja? Ana haki ya sitara, na siri yake si mali ya jumuiya. Mimi naelekea kusema amwambie mtu mmoja anayemwamini, kwa sababu mwanamke yule hakuweza kujifunika mwenyewe. Lakini nani atasema, ikiwa ratiba yetu ya kumi la mwisho inamtaka kila mwanachama kuanzia saa nane usiku, siku zote kumi, na majina ya waliokosa yanasomwa baada ya Alfajiri? Nimeiandikia kamati kuomba daftari hilo la majina liondolewe kwanza, kabla hata ya kuigusa ratiba. Kikao ni Jumamosi baada ya Alasiri, na wanachama wote wanaruhusiwa kuingia.