Kabla Hujaifunga Simu Kwenye Usukani

Mwanangu, keti kwanza. Najua kijiwe cha bodaboda kinakusubiri na hesabu ya bosi haina huruma. Lakini neno hili nimewaambia vijana wengi wa mtaa huu. Wapo waliolishika, na wapo tuliokwenda kuwatazama Muhimbili, wodi za mifupa. Nimechoka kulirudia, ila siwezi kunyamaza nikikuona unaondoka na simu umeichomeka kati ya helmeti na shavu.

Umeniambia unataka kununua kishikio, hiyo holda, ili ramani ya abiria wa Bolt iwe mbele yako. Vema. Basi ujue unachokinunua ni nafasi ya kuisahau simu. Kishikio kilicholegea ni kama jino linalocheza, ulimi hauachi kulifuata: utaichungulia simu kwenye kila tuta kuona kama bado ipo, na siku ikichomoka mkono utaikimbilia kabla akili haijaamua. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sekunde 3 za kuinama kuitafuta ni mita 33 zilizopita bila macho. Mita 33 za pale Buguruni jioni zina watu wangapi, mwanangu?

Muuzaji wa Kariakoo ataanza kukuonyesha jinsi kinavyoikumbatia simu. Mwache amalize, kisha muulize kinavyoushika usukani, kwa sababu huko ndiko kinakoanza kukusaliti. Hizi Boxer na TVS zetu zina usukani wa bomba la milimita 22 hivi. Kishikio kiwe cha kipimo hicho, kibane kwa skrubu mbili, na mwili wake uwe wa chuma au alumini. Vile vya plastiki vilivyotengenezewa baiskeli hupasuka kwenye mkono, pale pale penye skrubu, na ufa wake huuoni mpaka siku ya siku. Vya kunyonya kioo ni vya gari, viache huko. Haviliwezi vumbi letu wala jua letu. Vya sumaku peke yake usivitazame hata kwa bei ya kutupa. Na vile vinavyofungwa kwenye shina la saiti mira, mimi sivipendi: shina ni jembamba, uzito wa simu unalizungusha, na kioo unachokitegemea kumwona daladala nyuma yako kinageukia mawinguni.

Simu yenyewe ishikwe kwenye pembe zote nne, na juu yake ipite raba au kufuli la pili. Springi moja hailindi kitu. Injini yako ina pistoni moja, na ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni hiyo inapanda na kushuka mara 100 kila sekunde. Tikiso hilo lote linapita kwenye usukani. Nati ya kawaida hulegea kidogo kidogo bila kukwambia; tafuta ile yenye plastiki ndani, inayokataa kufunguka yenyewe.

Tikiso hilo linaila na simu pia. Mwaka 2021 kampuni ya Apple yenyewe iliwaonya wenye iPhone kwamba mtetemo wa pikipiki unaweza kuharibu kamera, kwa sababu ndani yake lenzi husogezwa na sumaku ili picha itulie. Hata kwa injini ndogo ilishauri kishikio chenye kuzuia mtetemo, na isiwe safari ndefu kila mara. Simu nyingi za bei ya chini hazina kifaa hicho kwenye kamera, lakini tundu la chaji zinalo zote. Waya ukining'inia unalivuta kila unaporuka rasta. Ufunge waya kwenye kishikio kwanza, uuachie ulegevu wa kutosha kugeuza usukani. Na fundi akikuunganishia chaji kwenye betri, mdai fyuzi.

Kile kimfuko chenye dirisha la nailoni kitakufaa siku za masika. Mvua ikikatika, kitoe. Jua la saa saba mchana likiipata simu humo ndani, kioo kinafifia, chaji inakata, na wewe unaanza kuinamia ramani usiyoiona. Ukisimama kwenye foleni usiku, vuta simu uitie mfukoni, maana vibaka nao wanaijua holda.

Wakati wa kukifunga kishikio, usikubali kifungwe pale pale dukani kwa haraka. Kata kipande cha tyubu kuukuu, kizungushe kwenye bomba, ndipo ubane. Kiweke karibu na katikati, chini ya mstari wa macho yako, kisifunike spidomita wala kuzuia ufunguo. Geuza usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia: kisiguse tenki, kisibane waya wa klachi wala wa breki. Kisha shika simu uitikise kwa nguvu. Ikicheza simu, hakijafungwa. Inatakiwa pikipiki nzima ndiyo iyumbe. Siku ya kwanza weka simu mbovu, upite matuta na rasta zote za kwenu, na ukirudi kaza tena, kwa kuwa tyubu hubonyea ikishabanwa.

Anwani ya abiria isome ukiwa umesimama, fungua sauti ya ramani, ndipo uondoke. Akikupigia njiani kuuliza umefika wapi, mwache asubiri. Egesha pembeni, mpigie. Haya, nenda, maduka hayajafungwa. Tyubu ipo kwa fundi hapo kona, mwambie mzee ndiye aliyekutuma.